Springi za upepo ama koili?

Asubuhi moja nilikuta gari imelala upande wa kushoto kama mtu anatafuta funguo chini ya kiti. Fundi wa Grogan, mtaa wa magereji Nairobi, akapaka maji ya sabuni kwa springi ya upepo, ule mfuko wa mpira wenye hewa unaobeba gari, povu likachemka pale mpira unajikunja, na ubishi ukaanza hapo hapo: nibadilishe springi ama nitoe mfumo wote niweke koili, zile springi za chuma za kawaida?

Kwa bei koili inashinda, na haivuji. Lakini iwe Range Rover ama Mercedes ya Airmatic, mfumo wao wa springi za upepo, ukiweka koili sahau kuinua gari ukifika kwa tope, na taa ya dashibodi itawaka mpaka mtu wa umeme aizime. Springi za upepo nazo zinameza matuta ya estate hadi chai haimwagiki, shida ni mpira huzeeka, na ukipuuza uvujaji kompresa, ile pampu ya kujaza hewa, inapiga kazi bila kupumzika mpaka inaungua, sasa unalipia vitu viwili. Za mtumba mimi sizigusi, mpira ushazeeka.

Unauza karibuni ama unaenda sana mashinani, baki na upepo. Ni ya kazi tu hapa town na mfuko umekauka, weka koili.