Nililipa ada ya kupiga rangi, nikapiga maji

Mpwa wangu kanitumia ujumbe juzi: "Anko, nataka kusomea kunyoosha bodi na kupiga rangi magari. Niende chuo au niingie gereji?" Nikaanza kumjibu kwa upole kama mtu mzima. Mstari wa tatu hasira zikapanda, nikafuta yote. Bora niyamwage hapa, asome yeye na mwingine yeyote mwenye laki sita mfukoni na hamu ya kushika bunduki ya rangi.

Mimi nilikwenda chuo. Chuo binafsi, hapa hapa Dar. Jina silitaji, bado kipo na mwenye nacho ana mawakili, mimi nina msasa tu. Bango lao barabarani lilikuwa na picha ya jamaa kavaa ovaroli nyeupe kama daktari wa upasuaji, kinyago kimemfunika uso mzima, anapiga klia, ile vanishi ya juu ya kung'arisha, kwenye gari jekundu linalong'aa mpaka mawingu unayaona kwenye boneti. Ile picha ndiyo iliyonimaliza. Nikachanganya akiba yangu na hela ya kikoba cha mama, nikalipa.

Wiki za mwanzo sina ugomvi nazo, tena niseme kweli, zilikuwa nzuri. Upande wa bodi alitufundisha mzee mmoja mstaafu, mpole, haongei sana. Siku ya kwanza alituvalisha soksi mkononi, akatuambia tufumbe macho tupitishe kiganja juu ya mlango taratibu. Nikadhani anatutania. Kumbe kweli, bonde ambalo jicho halilioni, kiganja kinaliona. Akatuonyesha bati lililovutika linavyorudishwa: unalipasha kwa gesi sehemu ndogo kama sarafu mpaka iwe nyekundu, unaigonga kidogo juu ya doli, kile chuma cha kukinga nyuma ya bati, halafu unaweka tambara lenye maji, bati linajikusanya lenyewe. Na kuhusu fila, ule uji mzito wa kuziba mabonde, alikuwa na kauli yake: "Fila ni poda, siyo nyama." Mtu akijaza bonde zima kwa fila badala ya kunyoosha, mzee alikuwa anaibandua yote mbele ya darasa bila kusema neno.

Basi tukahamia kwenye rangi.

Chumba cha rangi kilikuwa na mapazia ya nailoni, feni moja ukutani, kompresa moja ya kusukuma upepo, bunduki mbili, na sisi wanafunzi thelathini na kitu. Mlango wa Corolla ya zamani ulining'inizwa kwa mnyororo katikati. Mwalimu, kijana wa makamo mwenye miwani, akachukua jagi, akajaza maji kwenye bunduki. "Leo tunajifunza mkono." Sawa. Siku ya kwanza inaeleweka, huwezi kumpa rangi mtu asiyejua hata kukamata bunduki. Wiki ya pili, maji. Wiki ya tatu, maji. Tulipiga maji mpaka mlango wa Corolla ukaota kutu! Naapa. Darasa la rangi limetengeneza kutu.

Aliyewahi kupiga rangi anajua maji hayakufundishi kitu. Kazi yote iko kwenye kuona: kila pigo lifunike nusu ya pigo lililotangulia, ukizidisha rangi inatiririka na kutoa machozi, ukienda mbali na bati inafika imeshakauka na kukwaruza kama ganda la chungwa. Maji yenyewe yanatiririka tu, upige vizuri upige vibaya. Utajuaje umekosea? Halafu kuna kuchanganya: klia na hadina, dawa ya kuigandisha, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, na thina ya kuyeyushia ya kuendana na joto la siku. Na hapa Dar, masika yakianza, ukitumia thina inayokauka haraka rangi inapata ukungu mweupe mbele ya macho yako. Kompresa nayo lazima uifungue chini umwage maji, la sivyo unyevu unapita kwenye mpira unakuharibia kazi ya kutwa nzima. Haya yote niliyajua baadaye, kwa kufokewa.

Siku moja nikanyoosha mkono. Kwa heshima kabisa. "Mwalimu, samahani, rangi yenyewe tutaanza lini?"

Akaweka bunduki chini. Akaniangalia kuanzia ndala mpaka kichwani. "Wewe umekuja kusoma au umekuja kupaka?"

Darasa zima likaangua kicheko. Miaka imepita na hiyo sentensi bado ninayo. Naweza kuwa nasugua fenda kimya kimya, inakuja. Umekuja kusoma au umekuja kupaka. Kwenye kozi ya KUPAKA RANGI! Nilipaswa nijibu nini? Mpaka leo usiku napata majibu mazuri sana, yote yamechelewa.

Nikaenda kwa mhasibu. Dada alikuwa anakula chapati juu ya daftari la risiti. "Kaka, ada yako ni ya mafunzo. Vifaa mwanafunzi anajitegemea. Soma fomu." Nikasoma. Kweli ipo, chini kabisa, maandishi madogo kama sisimizi. "Sasa dada, hata kopo moja kwa darasa zima?" "Kaka, unanizibia foleni." Nikageuka. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Cheti nilipewa. Nikaingia gereji moja Tabata nikiwa na cheti changu kwenye bahasha ya kaki, fundi akanitazama, akauliza nimesoma wapi, akasema "Ahaa," akanipa msasa. Miezi kadhaa sikushika kingine. Msasa na maji, asubuhi mpaka jioni, mpaka alama za vidole zikafutika na simu ikaacha kunitambua. Spana boi mwenye cheti! Watoto wadogo wa pale waliniita profesa.

Lakini siku fundi aliponipa bunduki, ndani yake kulikuwa na klia. Ya kweli. Fenda ya IST. Ikatoa machozi kama msiba. Akanitukana mimi na ukoo wangu, akanisuguisha yote, nikarudia. Mara ya tatu ikatoka safi, na hela ya klia ya mara mbili za kwanza akaikata kwenye posho yangu. Sikuumia hata kidogo. Kwa wiki mbili zile nilijifunza kuliko kozi nzima. Kwa hiyo mpwa wangu, jibu ni gereji, funga mjadala, hela ya ada kanunue bunduki yako mwenyewe.

Ndivyo ningemaliza. Ila kuna jambo linanikera kuliko hata ile sentensi.

Fundi wangu, yule mwenye mikono ya dhahabu, hupiga klia akiwa amefunga tisheti puani. Akimaliza anakunywa pakiti ya maziwa, eti yanasafisha kifua. Maziwa yanakwenda tumboni, bwana! Usiku kifua chake kinapiga filimbi, mkewe mwenyewe aliniambia. Na mimi nilijua kwa nini. Nilijua kwa sababu yule yule mwalimu wa maji, siku moja ya mvua umeme umekatika, aliandika ubaoni kwamba hadina ya klia ina kitu kinaitwa isosayaneti, kinaleta pumu, na mwili ukishapata mzio nacho, hata kiasi kidogo kinaamsha shambulio. Akasema barakoa ya vumbi haizuii, tisheti ndiyo kabisa, inayotakiwa ni ile inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Nikaandika daftarini. Pale gereji hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia. Somo linalonilinda mapafu nimepewa na mtu nisiyetaka hata kumwona. Naandika hivi huku nimekunja uso.

Na kile cheti cha maji kikaja kuniingiza kwenye gereji kubwa ya kampuni, yenye chumba cha rangi cha kufunga milango. Fundi wangu hakuitwa hata kwenye usaili. Nimemwambia VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kupima mafundi wa mtaani na kuwapa cheti kwa ujuzi walio nao tayari. Anasema ataenda. Kila nikimkumbusha anasema ataenda.

Kwa hiyo sijui, mpwa. Chuo, lakini siyo kama changu. Gereji, lakini usifunge tisheti. VETA ndiko ningeanzia kuulizia, ingawa sikusoma huko na sikuapii. Chuo binafsi, hakikisha kwanza NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, wanakitambua. Halafu usiende siku ya mapokezi, nenda siku ya vitendo, usimame mlangoni pa karakana ya rangi unuse. Angalia na sakafu, iwe na madoa ya kila rangi.

Nimeandika mpaka hapa, kaniletea ujumbe mwingine. Kaenda kwenye chuo kimoja leo asubuhi, wamemtembeza karakana zote, kapenda. Nikamuuliza, harufu ya thina uliisikia?

"Hapana anko, pako pasafi sana."