Duka la dawa la Kirumba: tramadoli kwa cheti cha daktari tu
Duka hili la dawa lililo jirani na soko la Kirumba, jijini Mwanza, linastahili sifa kwa jinsi linavyouza tramadoli, dawa ya maumivu itengenezwayo maabara, ambayo haimo katika mikataba ya kimataifa ya dawa za kulevya na hivyo udhibiti wake hutegemea sheria ya kila nchi. Mfamasia alikagua tarehe na muhuri wa cheti cha mama yangu mdogo, akaandika idadi ya vidonge daftarini. Kijana aliyekuja bila cheti alikataliwa kwa upole. Kwa kuwa udhibiti hutegemea sheria ya nchi, wauzaji waangalifu namna hii wanahitaji Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 ihuishwe kila kemikali mpya ya kulevya inapozuka. Foleni ya jioni ni ndefu; mhudumu mwingine aongezwe.