Boksi ya 27: fundi tairi wa Mikindani na Land Rover ya marehemu baba

Kama una Land Rover ya zamani na uko upande huu wetu wa Mtwara, matairi yako yapeleke Mikindani. Chini ya mwembe, karibu na maji, yupo mzee mmoja mwenye jeki mbili, pipa la maji na sanduku la spana. Hana bango.

Mimi nabeba korosho. Msimu ukifunguliwa Oktoba gari halilali, ni shambani na ghalani, ghalani na shambani. Gari lenyewe ni Land Rover 109, ile ndefu, Series III ya 1978, aliniachia marehemu baba. Nimesomesha watoto watatu kwa gari hilo, kwa hiyo likishikwa ovyo naumia.

Na lilishikwa ovyo. Mwezi wa nane nilikwenda kwenye duka moja la matairi, jina naliacha, kubadilisha mawili ya nyuma. Vijana wakaja na nyundo na bisibisi, wakaanza kung'oa vile vikofia vya chuma vilivyo katikati ya tairi. Walidhani ni wilikapu kama za gari ndogo, kwamba mpaka uzitoe ndipo uzifikie nati. Kwenye 109 nati zote tano ziko nje, unaziona. Kile kikofia kimebanwa kwenye habu, yaani kitovu ambacho rimu inafungwa juu yake, kinafunika nati na pini ya mwisho wa ekseli ili vumbi na maji visiingie. Rimu inatoka na kikofia kikiwa palepale. Nikawaambia. Nikajibiwa, "Mama, tuachie sisi." Kimoja kikachanika ukingo, cha pili kikabonyea katikati. Kisha wakachukua mashine ya upepo wakakaza nati mpaka mashine yenyewe ikagoma.

Wiki tatu baadaye nikapata pancha kati ya Mingoyo na Mtama, nyuma kushoto. Garini nilikuwa na spana ya msalaba, mpya kabisa. Midomo yake minne ni milimita 17, 19, 21 na 23. Nati ya Land Rover ni 27. Ukinunua msalaba sokoni angalia namba zilizopigwa kwenye midomo kabla hujatoa hela, maana mingi ni ya namba hizo nne na 109 haimo. Utingo wangu akajaribu paipurenchi, ikala kona za nati mbili. Tulikaa juani tangu saa nane mpaka saa kumi na moja, ndipo dereva wa lori akasimama. Alikuwa na boksi ya 27, spana ya kikombe inayovaa nati nzima, na bomba refu la kuongezea mkono. Wanaume wawili wakaliegemea lile bomba kwa uzito wao wote, nati ya kwanza ikalia kama mbuzi.

Huyo dereva, Mungu ambariki, ndiye aliyenielekeza kwa mzee wa Mikindani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Landi hii ya nani?"

"Ya baba. Sasa yangu."

Akaizunguka yote kwanza, hajagusa kitu. Alipofika nyuma akainama, akapapasa kikofia kilichochanika kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. Halafu akaniuliza swali ambalo sijaulizwa na fundi yeyote: "Hendibreki umeivuta, lakini fowili umeingiza?"

Nilikuwa sijaingiza fowili, yaani injini kuvuta matairi yote manne. Hendibreki ya 109 haikamati matairi, inakamata propela ya nyuma, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Ukiinua tairi moja la nyuma, difu, yaani gia za katikati ya ekseli, inaliruhusu lile la hewani lizunguke, na la chini nalo linaweza kubiringika upande wake. Gari linateleza kwenye jeki huku hendibreki imevutwa. Kwa hiyo akabonyeza kijiti cha fowili, chenye kichwa cha njano, ili ekseli ya mbele nayo ishike, akaweka mawe mbele na nyuma ya tairi la mbele. Wenye habu za kufunga na kufungua kwa mkono, akasema, lazima wazifunge kwanza, la sivyo kile kijiti hakisaidii kitu.

Nati alizilegeza tairi likiwa bado chini. Boksi ya 27, mkono mrefu, anasukuma polepole bila kushtua. Zile mbili zilizoliwa kona alizigongea boksi kwa nyundo mpaka ikakaa, zikatoka. Tairi la kulia likakataa kubanduka hata nati zilipotoka zote. Hewa ya bahari hiyo, kutu imeshikamanisha rimu na habu. Nilidhani atapiga nyundo. Akarudisha nati zote tano kwa mkono, akaziacha zimelegea kama mizunguko miwili, akashusha jeki, akatoa mawe, akaniambia niwashe, nisogee mbele shubiri moja nifunge breki, kisha nirudi. Mara ya pili nikasikia *tak* chini yangu. Aliponyanyua tena, tairi lilitoka mikononi mwake kama kifuniko cha sufuria.

Hapo alitumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Alisugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, akasugua na tundu la katikati la rimu, akapaka grisi nyembamba kwenye bega la habu tu. Kwenye uzi wa bolti hakupaka hata tone. Nati akazirudisha upande uliochongoka ukitazama rimu, akakaza kwa kuruka moja moja, nyota, kwanza kidogo kwa zote, kisha kwa nguvu tairi lilipogusa ardhi. Mikono yake tu, bila bomba.

Matairi manne, kusafisha habu zote na nati mbili za mtumba: shilingi 30,000. Kwangu ni haki.

Upungufu upo. Ni mpole wa kazi, nilikaa pale karibu masaa manne, na Ijumaa mchana hafungui. Hana mashine ya kubalansi. Grisi uende na yako. Na kama tairi ni la kutoa kwenye rimu, anatumia miguu na vyuma, mwenye rimu za alumini atafute pengine.

Aliniambia nirudi baada ya kilomita hamsini hivi akague nati. Nilirudi keshokutwa yake. Tatu zilikubali robo mzunguko, na hakutaka hela.

Boksi ya 27 sasa ninayo chini ya kiti. Kilichobaki ni vikofia. Kile kilichobonyea alikinyoosha juu ya kipande cha mti, kimekaa. Kilichochanika hakifai, kwa sasa ameziba kwa mpira wa tyubu. Mwenye kikofia kizima cha 109, popote Mtwara au Lindi, nakihitaji kabla ya msimu.