Lenzi imetoka nusu: kamera ndogo ya inchi moja dhidi ya Canon EOS 1100D

Lenzi imetoka nusu. Haitaki kutoka yote wala kurudi ndani, na kwenye skrini kuna maneno yale yale: zima kamera, kisha uiwashe tena. Nimezima na kuwasha mpaka betri imekata. Hiyo ndiyo hali ya kamera ndogo ya sensa (kipande kinachopokea picha) ya inchi moja, niliyoinunua ili Canon EOS 1100D, kamera yangu kubwa ya kubadilisha lenzi, ipumzike. Kampuni siitaji, kwa sababu ugonjwa huu si wa kampuni moja. Ni wa kamera zote ambazo lenzi hutoka na kurudi kwa mota.

Nieleze kinachotokea ndani, maana wauzaji hawasemi. Lenzi ya aina hii ni mitungi ya plastiki iliyoingiana, mmoja ndani ya mwingine kama vipande vya antena ya redio, na mwanya kati yake ni wa unene wa karatasi chache. Ukiwasha, mitungi inatoka na kuvuta hewa ndani. Ukizima, inarudi na kuisukuma nje. Hewa hiyo haichujwi popote. Ukipiga picha ufukweni upepo ukivuma, punje ya mchanga inaingia kwenye mwanya, unyevu wa chumvi unainatisha pale, na mota ndogo kama punje ya haragwe inasukuma gia ya plastiki bila mafanikio. Kompyuta ya kamera inaona lenzi haijafika ilipotakiwa kufika, inasimamisha kila kitu. Ukilazimisha, jino la gia linakatika.

Ikikukuta, usiwashe mara ya pili. Toa betri kwanza. Elekeza lenzi chini, chukua kipira cha kupulizia (kile cha kuvutia makamasi ya mtoto kinachouzwa duka la dawa kinafaa, kikiwa kipya na kikavu), puliza kuzunguka mwanya wote. Kata ukanda mwembamba wa karatasi ya risiti, upitishe taratibu kwenye mwanya kwa kina cha milimita 2 tu. Rudisha betri, washa kamera ikiwa bado inatazama chini. Usivute lenzi kwa vidole. Usiigongegonge mezani. Na mafuta ya cherehani yasikaribie hapo kabisa, maana yanatambaa mpaka kwenye majani ya shata (mlango unaofungua na kufunga mwanga), yanayanatisha, na tatizo moja linakuwa mawili. Mara ya kwanza njia hii ilinikubali. Mara ya pili ilikubali kwa mlio wa kusaga, kama kijiko kwenye mchanga. Mara ya tatu, kimya.

Basi nikaipeleka duka moja la mjini linalopokea kamera za kutengeneza. Kijana wa kaunta hakuishika hata mkononi.

"Hii umeiangusha, kaka."

Kamera iliyoanguka huacha alama. Pembe inachubuka, pete ya mbele inabonyea, au mtungi unakaa upande kama jino bovu. Hii imenyooka, haina mkwaruzo. Nikamwomba aitazame. Akajibu macho yakiwa kwenye simu yake: "Hiyo ni lenzi nzima, na spea hazipo. Hela yote hiyo si ungenunua simu nzuri tu?" Kisha akataka ada ya kuangalia. Ya kuangalia nini, wakati hakuangalia?

Kinachouma zaidi ni kwamba kuhusu lenzi nzima amesema kweli. Kwenye kamera hizi sensa inafungwa nyuma ya lenzi na kupangwa sambamba nayo kiwandani, kwa hiyo mafundi wengi hawagusi gia moja moja. Wanabadilisha mzigo wote. Bei ya mzigo huo inakaribia bei ya kamera nyingine ya mtumba. Jino moja la plastiki, dogo kuliko punje ya mchele, ndilo linalozika kamera ya mamilioni.

Sasa tazama 1100D. Ilitoka mwaka 2011, ikiwa ya chini kabisa kwenye ukoo wake, plastiki tupu, hata kifaa cha kutikisa vumbi kwenye sensa hawakuiwekea. Ikigoma, mara nyingi inakwambia imegoma wapi. Ikiandika Err 01, maana yake mwili na lenzi havisikilizani: unafungua lenzi, unafuta vile vituo vya dhahabu kwa kitambaa laini kikavu, pande zote mbili, unafunga, unaendelea na kazi. Lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo ikiingia mchanga, unaitupa pembeni na kufunga nyingine. Mwili haujui kama kuna msiba.

Na vumbi la sensa linasafishika. Piga picha ya ukuta mweupe au anga kwa f/22 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu la lenzi ni dogo), ikuze, tafuta vidoa vya kijivu. Kama vipo, hakikisha betri imejaa, toa lenzi, weka gurudumu la juu kwenye P au M, ingia kwenye menyu uchague kusafisha kwa mkono. Kioo kilicho mbele ya sensa kinapanda na kubaki juu. Geuza kamera itazame chini, puliza kwa kipira mara tano au sita bila kugusa kitu, zima. Betri isiwe inakaribia kuisha, kwa sababu kioo kikishuka wakati kifaa chako kiko ndani, utakivunja. Usipulize kwa mdomo, mate yanakauka na kuacha doa baya kuliko vumbi lenyewe. Kwenye ile ndogo, kidoa kikiingia hakuna mlango wa kukifuata. Nilikuwa na kimoja upande wa kulia juu, kinaonekana kila nikipiga anga kwa f/8, miezi na miezi.

Hapa nisimame kidogo, maana hasira isinifanye niseme uongo.

Saa sita mchana kamera ndogo inaishinda ile kubwa, tena vibaya. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe juani, kofia imetia kivuli usoni: unahitaji flashi ya kujazia. Shata ya 1100D na flashi haipandi zaidi ya 1/200 ya sekunde. Kwa jua hilo, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) ikiwa 100, unalazimika kufunga lenzi mpaka f/11. Flashi yake ina nguvu ya namba 9 hivi, kwa mita. Gawa kwa 11, unapata kama sentimita 80. Ukisogea zaidi ya hapo uso unabaki giza. Kamera ndogo ina shata ya majani ndani ya lenzi, inakubali flashi hata kwa 1/2000, kwa hiyo unafungua f/4 na kamwanga kadogo kale kanafika mita moja na kitu. Kanzu inabaki na mikunjo yake, macho yanaonekana. Picha za namna hiyo nilizipata kwa ile ndogo bila jasho. Na inafuata uso popote ulipo kwenye fremu, wakati 1100D ina pointi 9 za fokasi na ya kutegemewa ni ya katikati tu.

Usiku pia watu wanadanganyana. Wanasema sensa kubwa lazima ishinde. Jina "inchi moja" lenyewe ni la kupoteza watu, sensa hiyo ni milimita 13.2 kwa 8.8, na ya 1100D ina eneo karibu mara tatu. Lakini lenzi iliyokuja nayo ikivutwa mwisho inafunguka f/5.6 tu, na ile ndogo ikivutwa inabaki f/2.8. Ukumbini, ambapo 1100D inataka ISO 3200, ndogo inatosheka na 800. Chenga za 3200 kwenye kamera ya mwaka 2011 ni nyekundu nyekundu kwenye vivuli, hazipendezi kwenye ngozi. Kwa hiyo anayelinganisha kamera hizi mbili na lenzi ya kawaida, achukue ndogo. Nasema bila kusitasita.

Ila ukifunga lenzi ya 50mm f/1.8 kwenye ile kubwa, hesabu inageuka. ISO 3200 inashuka mpaka 400 hivi, na nyuma ya bibi harusi taa zinakuwa maduara laini ambayo ile ndogo haitayatoa hata ukiipigia magoti. Lenzi hiyo inapatikana ya mtumba kila mahali. Piga f/2.2 badala ya 1.8, weka pointi ya katikati kwenye jicho la karibu, usipige chini ya 1/125.

Betri nazo. Ya 1100D inamaliza harusi nzima, picha 600 na ushee. Ndogo, 200 na kidogo imekata, ingawa inachaji kwa pawabenki, na umeme ukikatika hilo ni jambo kubwa. Zile betri za kuiga za bei poa, ukiona imeanza kuvimba na inabana kwenye tundu lake, usiilazimishe.

Anayetafuta 1100D ya mtumba apige ukuta mweupe wenye jua kwa 1/4000. Upande mmoja ukiwa na giza, pazia za shata zimechoka, aiache. Amulike lenzi kwa tochi ya simu toka nyuma. Akiona nyuzi kama utando wa buibui, ni kuvu, imekaa kwenye unyevu. Kuitia kwenye mchele hakusaidii, mchele unaongeza unga. Mkebe wenye mfuniko unaobana na vifuko vya silika ndio dawa.

Kwa hiyo nilikuja hapa kusema msinunue kamera ndogo. Kisha nikasema mnunue, kwa ajili ya mchana ule. Sasa nikiitazama hapa mezani, lenzi imetoa shingo nusu, naona kamera ambayo fundi hawezi kuifungua bila kuiua haifai kuwa chombo cha kazi, ipige vizuri namna gani. Anayepiga kwa kujifurahisha, mbali na bahari, achukue. Anayelipwa, abebe gramu zake 500 za 1100D.

Na kama kuna fundi anayebadilisha gia peke yake, bila kudai lenzi nzima, hata kwa gia iliyotolewa kwenye kamera mbovu nyingine, naileta kesho asubuhi. Ada ya kuangalia nitalipa, mradi aiangalie.