Royce Gracie au Dan Severn: nani zaidi?

Desemba 1994, mjini Tulsa, Marekani, katika pambano la UFC, mashindano ya mapigano yanayochanganya mitindo mbalimbali, Dan Severn alimlalia Royce Gracie kwa takriban dakika 15. Severn, mwanamieleka, alikuwa na zaidi ya kilo 110. Gracie, mcheza jujitsu (mchezo wa kukaba na kunyonga) kutoka Brazili, kama 80 tu. Gracie, akiwa bado chali, akampiga kabali ya miguu, na mbabe yule akasalimu amri. Likawa taji la tatu la UFC kwa Gracie.

Kwa athari, Gracie namweka juu. Alithibitisha kwamba aliyelazwa chini hajashindwa, na wapiganaji wa ngumi na mateke wakalazimika kujifunza mapambano ya chini. Ila mwaka 2000, Tokyo, Kazushi Sakuraba alimtesa kwa dakika 90 hadi wasaidizi wake wakarusha taulo kukubali kushindwa. Na 2007 vipimo vilimkuta na dawa iliyopigwa marufuku; doa hilo linatuuma sana sisi tunaomheshimu.

Severn alianza akiwa na miaka 36, umri ambao wengi wanatundika glavu. Akatwaa taji la UFC 5 mwaka 1995, akastaafu 2013 akiwa na ushindi zaidi ya 100. Kwa uvumilivu, Gracie hamfikii.