“Once in a blue moon” au “when pigs fly”: ipi umwambie mgeni Kilwa?

Vijana wanaotembeza wageni kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, Lindi, hupenda kuchomekea nahau hizi mbili za Kiingereza, na wapo wanaozitumia kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja hata kidogo.

“Once in a blue moon” ni jambo la nadra, ila hutokea. Wengi leo huita “blue moon” mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda, nao huja kila baada ya miaka miwili au mitatu hivi. Mgeni akikuuliza kama unakula nyama ya ng’ombe, na kwenu kila siku ni samaki, nahau hii inakaa vizuri. Haimuudhi mtu.

“When pigs fly” ni ng’o! Tena ina kejeli ndani yake. Kwa rafiki mliyezoeana, sawa. Lakini mgeni akiomba umpunguzie bei ukamjibu hivyo, umemdhihaki. Mimi ningemwambia tu kwa upole, “Samahani, bei ndiyo hiyo.”