Penseli nene za pembetatu: miezi mitatu na mwanangu wa darasa la kwanza

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani Mbagala. Mwanangu wa pili yuko darasa la kwanza. Muhula uliopita daftari lake la mwandiko lilirudi limejaa wino mwekundu, na mwalimu akaniambia mtoto ni mvivu. Jioni moja nikakaa naye nimtazame akiandika. Penseli kaikamata kwa ngumi kama anayetwanga, dole gumba limejificha ndani, anakandamiza mpaka karatasi inatoboka. Mistari mitatu tu, akaanza kukung'uta mkono: "Mama, vidole vinauma."

Kilichonifumbua macho ni chaki yangu ya kutilia alama kitambaa. Aliiokota mezani akachora nyumba kwenye kipande cha tetroni, na ile aliishika kwa vidole vitatu, vizuri kabisa, maana kijipande bapa kama kile hakishikiki kwa ngumi. Nikajua hapa shida ni ushikaji, uvivu haumo.

Basi nikaenda Kariakoo kutafuta penseli nene zenye pande tatu. Dazani moja shilingi 6,000. Penseli moja ya kawaida dukani kwetu ni 200, kwa hiyo niliwaza mara mbili. Nilipofika nyumbani nikaizungushia futi penseli moja: sentimita 3, wakati ile ya kawaida ni 2 na kidogo. Mkono wa mtoto unapata kitu cha kushika, na kila kidole kina upande wake: gumba huku, cha shahada kule, cha kati kinaegemeza kwa chini. Sikuwa na haja ya kumkumbusha kila dakika. Ncha yake ni laini, inakoza bila kukandamiza. Wiki ya tatu alimaliza ukurasa mzima bila kulalamika mkono, nami nikashukuru Mungu.

Kasoro yake kubwa ni kuchonga. Haziingii kwenye kichongeo cha kawaida, na muuzaji hakunitajia. Nilichonga kwa wembe hadi nikajikata. Tafadhali, ukinunua, dai hapo hapo kichongeo chenye matundu mawili, dogo na kubwa. Halafu wenzake darasani wanazitamani. Nimebaki na saba. Sasa kila moja naifunga uzi wa rangi yake, na anabeba moja tu.

Usitegemee zitamfundisha herufi. Mwanangu bado anageuza b na d: namwambia andika "baba", anaandika "dada". Hilo tunalifanyia kazi kwa ubao mdogo na chaki ninayoivunja vipande vifupi, ili ngumi isipate nafasi. Kila jioni dakika kumi, herufi moja, kubwa kama kiganja. Kwenye b anaanza na fimbo, kutoka juu kushuka, ndipo tumbo. Kwenye d tumbo linatangulia. Anatamka huku anaandika: "fimbo, tumbo". Siku akichoka tunaacha, simlazimishi.

Juzi nilikuta "mama anashona" kwenye pembe ya karatasi ya patani ya mteja, juu ya mstari niliouchora kwa rula. Herufi zote zimekaa mstarini, hakuna iliyoelea. Nimeikata ile pembe nikaibandika ukutani mbele ya cherehani. Dazani ya pili nanunua kabla shule hazijafunguliwa Januari.